Miguu ya Papa Pansema

Kutoka kituo chetu cha afya mpaka sokoni ni mwendo wa robo saa, na Papa Pansema alikuwa akisimama mara nne. Mara ya kwanza alisimama kwa fundi wa pikipiki, akamuuliza habari za mke wake na za mvua. Mara ya pili alisimama kwa mama mwuza ndakala, akawageuzageuza wale samaki wadogo, akasema hawakukauka vizuri, akaondoka bila kununua. Mara ya tatu ilikuwa kwenye kona ya shule, ambapo hapakuwa na mtu wala kitu, na hapo aliyatazama mawingu upande wa Bogoro kama mkulima, ingawa shamba hakuwa nalo. Mara ya nne ilikuwa kwenye kidaraja. Sisi wauguzi wapya tuliotembea naye tulizoea kusimama pale aliposimama. Tulidhani mzee anapenda watu. Ilinichukua miaka sita kujua kwamba kila aliposimama, nyama ya nyuma ya mguu wake wa kushoto ilikuwa imekaza kama ngumi, na kwamba alikuwa anangoja ilegee kabla hatujagundua.

Jina lake hakuna aliyelitumia. Alikuwa muuguzi wa chumba cha kufunga vidonda, kazi ambayo kwa Kifaransa chetu cha Bunia tunaiita pansema, na watu wakamwita hivyo hivyo. Mke wake alikuwa amekwisha kufa nilipofika, na watoto wake wawili walikaa Kisangani. Aliishi peke yake kwenye barabara yetu, malango manne kutoka kwangu. Leo hayupo. Moyo ndio uliomchukua, mchana, akiwa amekaa kwenye kiti. Lakini ninapomkumbuka, sikumbuki moyo. Nakumbuka miguu: yake, na ile ya watu wengine aliyoishika kwa zaidi ya miaka thelathini.

Kila mtu mwenye umri aliyeingia chumbani kwake, hata akija na malalamiko gani, alisikia neno lile lile.

"Tosha viatu."

Wengine walichukia. Kuvua viatu mbele ya vijana, na miguu ina vumbi ya barabara nyekundu, si jambo dogo kwa mtu mzima. Nakumbuka mama mmoja aliyevaa kitambaa kizuri cha kanisani, akasema, "Lakini dokta, kichwa njo inaniuma."

"Kichwa yako naiona, mama. Miguu njo unaficha."

Alipiga goti sakafuni, akaweka vidole vitatu juu ya mguu, katikati ya mifupa, akafumba macho. Midomo yake ilihesabu. Kisha akapeleka vidole nyuma ya kifundo, upande wa ndani, akahesabu tena. Alipomaliza alinyanyuka kwa kushika ukingo wa meza, akaniambia, "Njoo, weye sasa."

Siku za kwanza sikusikia kitu. Nikabonyeza zaidi, nikasikia mapigo, nikafurahi.

"Usiminye," alisema. "Ukiminya sana utasikia mushipa ya kidole yako mwenyewe. Utafurahi bure, na huyu mama atarudia nyumbani na mguu inakufa. Weka vidole sawa unaweka juu ya uso ya mutoto mwenye kulala. Ngoja. Damu njo inapashwa kukuya kwako."

Nilijifunza hivyo kungoja damu ije yenyewe. Baada ya miezi kadhaa niliweza kusema huu unapiga vizuri, huu unapiga kwa mbali, huu haupigi. Alifurahi kwa namna yake: alianza kuniachia wagonjwa.

Alipenda kueleza, na alieleza vizuri kuliko waalimu wangu wa shule ya uuguzi. "Watu wanawazaka damu inashuka ku miguu yenyewe sawa mayi ya mutelemuko," alikuwa akisema. "Hapana. Inasukumwa. Na njia yake inaweza kuziba pole pole. Sukari inaziba, tansio inaziba, tumbako inaziba kupita zote. Mguu inabaki kula nusu sahani. Ukikaa, nusu inatosha. Ukianza kutembea, mguu inaomba sahani muzima, haipati, njo inalia. Ukisimama, inanyamaza. Muntu anasema ni uzee. Haiko uzee."

Alipomaliza maelezo hayo alitoka nje, akazunguka nyuma ya shimo la kuchomea takataka, akavuta sigara.

Huo ndio ulikuwa ubishi wake mkubwa na nafsi yake. Aliwanyang'anya wagonjwa sigara mifukoni, akawasema mbele ya wake zao, akawapa mifano ya kutisha. Kisha yeye mwenyewe alivuta tano, sita, siku mbaya kumi. Nilipokuwa nimemzoea nilimuuliza. Alinitazama bila haya.

"Nilianza wakati ya vita," alisema. "Nikiacha, mikono inatetemeka. Weye unataka nifunge vidonda na mikono yenye kutetemeka?"

Kulikuwa na ubishi mwingine, na huo ulinichukua muda kuuona. Mikononi mwake hakuna aliyelia. Aliweza kubandua kitambaa kilichogandamana na kidonda kwa maji ya vuguvugu, akiongea habari za ng'ombe, mpaka mgonjwa akauliza utaanza lini. Ila maneno yake yalikuwa makali kama wembe, hasa pale mguu ulipokuwa hauponi tena na familia inakataa ukatwe.

Aliletwa mzee mmoja wa Irumu, mfugaji, kidole kikubwa cha mguu kimekuwa cheusi kama mkaa na weusi umeanza kupanda. Watoto wake wanne wa kiume walisimama mlangoni, warefu, wakakataa. Walisema baba yao alizaliwa na miguu miwili na atazikwa na miwili. Papa Pansema aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hii mguu imekwisha kukufa. Munaniomba niache maiti imefungwa ku muntu mwenye kupumua. Sawa. Nani kati yenu atakuya kunisaidia kuchimba, juma kesho?"

Walitoka nje. Akakaa na yule mzee saa nzima, wawili tu, mlango umefungwa. Sijui walisemezana nini. Mzee alikubali, akapelekwa hospitali kubwa, akakatwa chini ya goti. Miezi michache baadaye alirudi kutusalimu kwa magongo, amenenepa, amebebewa kopo la maziwa. Wote tulimshangilia. Papa Pansema alipokea maziwa, akashukuru, akauliza habari za malisho. Lakini niliona kwamba muda wote ule alikuwa anaitazama kofia ya yule mzee. Macho yake hayakushuka hata mara moja chini ya mkanda.

Sasa lazima niseme juu ya woga, kwa sababu bila huo hakuna atakayemwelewa.

Ilikuwa ile miaka ambayo tuliambiwa ni amani. Bunduki zilinyamaza mjini, masoko yalijaa, watu walijenga kwa matofali ya kuchoma. Lakini masikio yote yalikuwa wazi. Juma moja watu wangeingia kutoka upande wa Djugu na magodoro kichwani, na hakuna aliyetaka kuwauliza waliona nini. Juma lingine shule ingefungwa saa nne asubuhi kwa uvumi tu, na kesho yake ikafunguliwa kama kawaida. Nyuma ya mlango wa kila nyumba palikuwa na mkoba: karatasi za watoto, chumvi, kitenge, sabuni. Mtu aliweza kucheka na wewe harusini, na katikati ya kicheko akageuza kichwa kidogo kwa sababu amesikia kitu.

Papa Pansema alituzidi sisi wote. Hakutusalimu kwa kuuliza habari ya asubuhi. Alituuliza, "Mukoba yako iko wapi?" Alikagua viatu vyetu kazini, akamrudisha nyumbani muuguzi aliyekuja na sandali. Alitupangia nani atabeba mtoto gani kwenye chumba cha kulaza, nani atachukua dawa, nani atapita mlango wa nyuma. Mara moja kwa mwezi alitufanyisha mazoezi, na tulicheka, na yeye hakucheka. Gurudumu la gari likipasuka barabarani alikuwa wa kwanza kufika mlangoni, uso wa majivu.

Siku moja nilimuuliza, "Na weye, Papa? Kwenye mipango hii weye unafanya nini?"

"Mimi nitafunga mulango."

Nilidhani ni ushujaa. Niliwaambia wenzangu, na tulimpenda zaidi kwa ajili hiyo.

Habari yenyewe alinipa alasiri moja ya mvua. Mabati yalikuwa yanapiga kelele, hakuna mgonjwa aliyekuja, na tulikuwa tunakunja bandeji. Aliongea bila kuinua macho.

Wakati wa vita alifanya kazi katika hospitali ndogo, mbali na Bunia. Wagonjwa waliobaki walikuwa wale wasioweza kutembea. Mmoja alikuwa fundi wa nguo aliyekatwa mguu, ambaye yeye alimfunga kidonda kila asubuhi kwa majuma mengi. Kidonda kilikuwa kinapona vizuri. Asubuhi moja wakasikia kwamba watu wanakuja, na kila mwenye miguu akaondoka.

"Yule fundi hakulia," Papa Pansema alisema. "Hakunishika nguo. Aliniuliza tu, 'Papa, unaenda kuleta kitu?' Nikamujibu, 'Ndiyo. Nakuya sasa hivi.'"

Alikunja bandeji mbili zaidi.

"Nilipanda mulima bila kusimama hata mara moja. Miguu yangu ilikuwa mizuri sana ile siku."

"Na kisha?"

"Siku ya tatu nikarudia. Nilifika ku mulango. Ndani hapakuwa tena na muntu mwenye kupumua."

Nilingoja. Mvua ikapungua, akaenda nyuma ya shimo la takataka, na hakuniambia zaidi, siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Ilikuwa kama miezi minane baadaye, mchana wa saa sita, nilipoingia chumbani kwake bila kubisha kwa sababu nilihitaji mkasi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wagonjwa. Kiatu cha kushoto kilikuwa sakafuni. Nilisimama pale pale. Miaka sita sikuwahi kumwona bila viatu, vile viatu vyeusi vya kamba alivyovipaka rangi kila siku. Soksi ilikuwa imegandamana na kidole.

"Funga mulango," alisema.

Nilifunga. Nikapiga goti, nikabandua soksi kwa maji ya vuguvugu kama alivyonifundisha. Ngozi ya mguu ilikuwa imenyooka na kung'aa, haina unywele hata mmoja. Kucha zilikuwa nene, za manjano. Kando ya kidole kikubwa palikuwa na kidonda kidogo kama punje ya harage, ukingo wake mweusi. Niliuinua mguu juu ya kigoda, ukawa mweupe kama umetiwa chokaa. Nilipoushusha ulirudi pole pole, ukawa mwekundu wa giza.

Niliweka vidole vitatu. Ulikuwa baridi, baridi ya chupa iliyolala nje. Nilifumba macho, nikangoja. Nikalegeza vidole, nikangoja tena. Nikahamia nyuma ya kifundo. Nje mtu alikuwa anamwita mtoto wake aje kula, na chini ya vidole vyangu hapakuwa na kitu.

"Usijisumbue," alisema. "Nimekwisha kutafuta, kila siku."

"Tangu lini?"

"Kidonda, mwezi ya tatu hii. Mguu... mbele ya weye kukuya hapa."

Ulikuwa unauma tangu kabla sijafika. Hapo ndipo nilipoyaona matembezi yale ya sokoni yote kwa mara moja: fundi wa pikipiki, samaki, mawingu.

"Na ukilala?"

"Siwezi kulala. Naiangusha inje ya kitanda, ining'inie. Hapo inanyamaza kidogo."

Nilimwambia kesho tunaenda hospitali kubwa. Akakataa. Nilimwambia leo basi. Akasema kwa sauti ya chini, "Watakata."

"Labda hapana. Na wakikata, weye mwenyewe njo ulimwambia yule muzee wa Irumu..."

"Yule muzee iko na watoto wane wanaume! Siku ikikuya watamubeba sawa kiti ya mufalme. Mimi nani atanibeba?"

"Mimi."

Aliokota soksi yake. Hakuwa na hasira. "Usiseme vile," alisema. "Weye ni muntu muzuri, juu ya ile usiseme vile. Mimi pia nilisema nakuya."

Alivaa soksi, akafunga kamba za kiatu mara mbili, akatoka kumwita mgonjwa aliyefuata.

Nilikaa na siri hiyo majuma mawili. Kila jioni baada ya kazi nilimfunga kidonda, na kila jioni ukingo mweusi ulikuwa umesogea. Alianza kuwa na homa. Chumba kilianza kunuka, na alifungua dirisha akisema ni mgonjwa wa asubuhi. Mimi nilijua, na yeye alijua kwamba najua, na niliogopa kwenda kazini nisije nikamkuta sakafuni. Mwishowe nilimpigia simu kijana mmoja wa yule mfugaji wa Irumu. Nilimweleza kila kitu. Niliona haya, kwa kuwa nilikuwa ninavunja siri ya mkubwa wangu.

Kesho yake pikipiki ilisimama mbele ya kituo. Mzee alishuka kwa kushikwa kiuno, akapokea magongo yake, akaingia moja kwa moja chumba cha vidonda kabla sijamwonyesha. Nilimfuata. Papa Pansema aliinuka kumpa kiti, akaanza kuuliza habari za malisho.

"Ng'ombe ziko muzuri," alisema yule mzee. "Tosha viatu."

Hakuna aliyecheka. 

"Mimi ulinikalisha hapa," mzee akaendelea. "Uliniambia nisione watoto yangu, nisione kofia yangu, nione mguu. Sasa weye niangalie. Hapana kofia! Angalia hapa."

Aliinua suruali iliyokunjwa na kufungwa kwa pini, akaonyesha pale mguu ulipoishia. Ngozi ilikuwa imefunga vizuri, ina mshono safi. Papa Pansema alishusha macho. Yalishuka pole pole, kama mtu anayeteremka ngazi gizani, yakafika, yakabaki hapo. Nikaona mabega yake yanaanza kutikisika. Alilia kama watu wazima wanavyolia, bila sauti, mikono imening'inia.

"Na wakikuya?" aliuliza hatimaye. "Wakikuya, na weye uko hivi?"

Mzee alifikiri. Hakumdanganya. "Wakikuya nitaogopa. Nitaogopa sana, sawa weye. Lakini hii miaka mbili nimekala na wajukuu yangu. Nimeona ndama zinazaliwa. Weye njo ulinipatia hii. Sasa unataka nifanye nini, nikuzike?"

Papa Pansema alikaa, akafungua kamba za kiatu.

Kule hospitali kubwa daktari alikuwa na mashine ndogo, kubwa kama simu, inayosikiliza damu. Aliiweka kwenye mkono, ikafanya shwa, shwa, shwa. Aliiweka kwenye mguu wa kulia, ikafanya vile vile lakini kwa mbali, kama mtu anayefagia nyumba ya jirani. Aliiweka kwenye mguu wa kushoto, akaisogeza hapa na pale, akapaka mafuta tena. Tulisikia mkwaruzo wa mashine yenyewe, basi.

"Ungekuya mwanzoni," daktari alisema, "wakati ilikuwa inauma ku kutembea tu..."

"Najua," Papa Pansema akamkatiza. "Ungenipa vidonge ya kulegeza damu na ya kupunguza mafuta. Ungeniambia niache tumbako, nitembee mpaka iume, nisimame, nitembee tena, kila siku, mpaka mishipa midogo ya kando ijifunze kazi. Nimewaambia watu ile maneno miaka mingi."

Daktari aliizima mashine. Walikata chini ya goti, siku ya Alhamisi.

Sigara aliacha siku alipoingia hospitali, na kweli mikono ilitetemeka, kisha ikaacha. Alikuwa na mguu mmoja wa kulinda na aliulinda kama yai. Aliukagua kila asubuhi kwa kioo kidogo, katikati ya vidole, chini ya kisigino. Aliuvalisha kiatu kile kile cheusi cha kamba. Na alitembea. Kila asubuhi alitoka langoni kwa magongo, akatembea mpaka nyama ya mguu wa kulia ikaze, akasimama. Sasa hakuyatazama mawingu tena. Akiulizwa alijibu kwa sauti ya mtu wa sokoni: "Mguu inakamata. Nangoja damu ifike."

Watu walicheka, kisha wengine hawakucheka. Yule fundi wa pikipiki alimsogelea, akasema kwa kunong'ona kwamba wake pia unakamata, akipanda kuelekea kanisani. Papa Pansema alimvua viatu pale pale, kando ya barabara, akanituma nilete mashine nimpime tansio, yaani presha ya damu.

Lakini woga haukukatwa pamoja na mguu. Alikuwa amehesabu. Kutoka kitandani mpaka langoni ni hatua arobaini na moja za magongo. Kutoka langoni mpaka barabara kubwa, kwa kupumzika mara mbili, ni muda ambao mtu mwenye miguu anafika ng'ambo ya mto. Alinieleza hivyo kama anavyosoma joto la mgonjwa. "Kwa hiyo sitafika," alisema. "Ni vizuri kujua." Kisha akaniuliza kama mkoba wangu uko mahali pake, na nikaona jasho juu ya mdomo wake, asubuhi ya baridi.

Nilikuwa likizo, mwaka mmoja na nusu baada ya kukatwa kwake. Ilikuwa karibu saa nne asubuhi, nilikuwa naosha vyombo uani, binti yangu wa miaka mitatu anacheza na kifuniko cha sufuria. Ulisikika mlio mmoja upande wa soko. Kisha kimya. Kisha milio mingi, imefuatana.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka kitenge, mtoto mgongoni, mkoba begani, na barabara iliyojaa watu wanaokimbia bila kusema. Hiyo ndiyo sauti ninayoisikia mpaka leo, miguu tu, mamia ya miguu kwenye vumbi, na pumzi. Njia ya mto inapita mbele ya lango lake. Lango lilikuwa nusu wazi. Nililiona. Nilijua ni lango la nani, na nilijua yuko wapi, na nilijua magongo ni mangapi. Miguu yangu haikupunguza mwendo.

Nilivuka mto, nikapanda mpaka kwenye nyasi nyuma ya kanisa, nikaanguka pale pamoja na wengine. Mtoto alikuwa analilia kifuniko chake. Tulikaa mpaka saa nane. Ndipo habari zikapanda kutoka chini, mdomo kwa mdomo: askari wawili waligombana kwenye kizuizi, wakapiga risasi hewani, wengine wakajibu kwa kudhani wameshambuliwa. Hakuna aliyekufa. Watu wakaanza kucheka kile kicheko chetu, kirefu kuliko kichekesho chenyewe, wakakung'uta nguo, wakateremka.

Mimi niliteremka nyuma ya wote. Nilitafuta njia nyingine ya kufika nyumbani, na njia nyingine haikuwepo.

Lango la Papa Pansema lilikuwa limefungwa. Nilipiga hodi, na nilitamani pasiwe na jibu.

"Nani?" ilikuwa sauti ya mwanamke.

Nilijitaja. Kufuli ikalia. Aliyefungua alikuwa mke wa fundi wa pikipiki, mimba yake ya miezi tisa imetangulia. Nyuma yake ua ulikuwa na watu. Bibi kipofu wa nyumba ya pili alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu imenyooshwa. Msichana mwenye mguu uliofungwa plasta alikuwa ameegemea ukuta. Kulikuwa na mzee wa pumu, na mama aliyejifungua majuzi, mtoto yumo ndani ya shuka. Katikati yao, kwenye kiti, alikuwa Papa Pansema, anamimina chai kwenye vikombe visivyolingana.

"Sikuwaita," aliniambia kabla sijauliza. "Bibi njo alikuya wa kwanza, anapapasa ukuta. Nikamuambia, bibi, juu ya nini unakuya hapa? Akanijibu, 'Nilijua tu, weye hauendi fasi.' Nyuma yake wakakuya hawa wengine."

Yule bibi aliitikia kwa kichwa. "Yeye haendi fasi," alisema, kama anayemsifu kwa kutokwenda popote.

"Papa," nilisema, "asubuhi nilipita hapa..."

"Nilikuona. Nilikuwa ku lango, nilikuwa namupokea huyu mama wa mimba." Akalowesha midomo yake kwa chai. Akaweka kikombe chini. "Ulikuwa na mutoto. Ulikimbia vizuri."

Nilishusha mkoba begani.

"Nilikuwa na woga mpaka meno inagongana," aliendelea, na sasa alikuwa anawaambia wote. "Bibi aliyasikia, akaniuliza ni nini inalia. Nikasema ni meno yangu. Akanishika mukono. Mimi nikashika ya huyu wa plasta, na yeye akashika ya mama. Tulikala vile, hatukusema kitu, mpaka ikanyamaza."

Mji ulikuwa umetulia. Maduka yalikuwa yanafunguliwa tena, mabati ya milango yanakwaruza. Wale watu waliweza kurudi makwao, na hakuna aliyeinuka. Mama mjamzito alirudi kwenye nafasi yake ukutani. Nilimfungua binti yangu mgongoni, nikamweka mkekani, akajikunja kando ya bibi kama amemjua siku zote. Papa Pansema alivuta magongo yake upande mmoja ili nipate pa kukaa. Nikakaa. Alinipa kikombe, na hakuna mtu aliyeniuliza nilikuwa wapi.